Mhariri, ghala la korosho lina stakabadhi, ghala la taarifa zetu lina nini?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua yenyewe ni ndefu lakini jambo hili limenikaa rohoni muda sasa na kila nikisubiri mtu mwingine aliandike naona kimya.

Kila mfumo wa kampuni au ofisi kubwa ukivamiwa neno la kwanza tunalosikia ni wadukuzi. Wadukuzi wametuingilia, wadukuzi ni hatari, wadukuzi watafutwe, sheria ikazwe, mitandao ifungwe. Sawa, mwizi ni mwizi, sibishani na hilo. Ila bado sijaona hapa kwetu kampuni ikisimama hadharani ikasema jamani mlango tuliuacha wazi sisi, hawa ndo watu ambao taarifa zao zimetoka na hiki ndo tutakachowafanyia. Mi ninachotaka kusema ni kwamba anayekusanya taarifa zetu awajibike kwetu zikimponyoka, na uzembe wake usigeuzwe kuwa sababu ya kutufungia mtandao sisi ambao ndo tumeibiwa.

Kazi yangu ni uwakala wa pesa za simu pamoja na stationery, hapa Mtwara mjini upande wa Chikongola. Kwahiyo haya mambo siyasomi tu, yanaingia dukani kwa miguu yake.

Msimu wa korosho uliopita alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Nanyamba, amekuja mjini kumuona binti yake, akasema mwanangu nitolee hela kidogo ya matumizi. Naangalia salio hakuna kitu, zimebaki shilingi za kuhesabu. Akakaa kwenye benchi akaanza kunielezea. Alipigiwa simu na kijana anaongea vizuri kabisa, kaanza na shikamoo mama, akamtajia majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, akamtajia chama chake cha msingi cha ushirika, akamtajia mpaka kilo za korosho alizopeleka ghalani. Afu akamwambia malipo yako ya pili yamekwama kwa sababu namba yako haijahakikiwa, kuna meseji inaingia sasa hivi ina tarakimu, nisomee. Mama akasoma. Baadae kidogo hela yote ikaondoka, hela ya salfa, ile dawa ya mikorosho, na ada ya mjukuu ndani yake. Nikamuuliza mama kwanini ulimsomea? Akanijibu, "Mwanangu, mtu anayejua kilo zangu ningemkataaje?"

Hilo swali sikuwa na jibu lake na mpaka leo sina. Maana wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeshawazoea, wanarusha meseji kwa kila mtu kama mtu anayetupa nyavu gizani, atakayenasa kanasa. Huyu hakurusha gizani. Huyu alikuwa na orodha mkononi. Na ile orodha haikutoka kichwani kwake, ilitoka kwenye daftari la mtu au kompyuta ya mtu ambaye alipewa zile taarifa azitunze. Simtaji mtu wala ofisi kwa sababu sijui ni nani, na ndo ubaya wenyewe, hakuna anayejua na hakuna anayetafuta kujua. Mama alikwenda kote, kila alipofika aliambiwa ungekuwa makini mama, namba ya siri haitolewi. Yani lawama yote imebebwa na yeye aliyeibiwa. Aliyevujisha orodha hajaulizwa hata salamu.

Na sio lazima iwe kompyuta. Siku moja nimenunua karanga pale stendi, nimemaliza kula nataka kutupa karatasi naona kuna picha ya mtu. Ni nakala ya fomu ya mkopo. Ina jina, namba ya simu, namba ya NIDA yote tarakimu ishirini, jina la mdhamini na namba yake, sahihi, na chini kabisa kuna kale kamchoro ka kuelekeza nyumbani kwa mkopaji, barabara kuu hapa, msikiti hapa, unakata kushoto, nyumba ya bati jekundu. Mtu yeyote aliyekula karanga siku ile angeweza kufika mpaka mlangoni kwa yule dada na kumuita kwa jina lake. Nilirudi kwa muuza karanga nikamuomba makaratasi mengine kama hayo, akanipa rundo, anasema ananunua kwa kilo. Nimeyachoma yote. Kampuni yenyewe jina lake lilikuwa juu ya fomu lakini silitaji hapa, nataka tu wajue kwamba kilichowatoka hakikuhitaji mdukuzi. Kilihitaji kijana wa kufagia ofisi na mtu wa kununua makaratasi chakavu.

Kuna na zile app za mikopo ya simu. Ukiipakua inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, mtu ana shida anabonyeza ndio ndio ndio, akichelewa kulipa siku mbili wanaanza kuwatumia meseji shemeji zake, bosi wake, mpaka shehe wake, kwamba fulani ni tapeli na wewe amekuweka mdhamini. Watu wameaibishwa, ndoa zimeyumba. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza app 69 za aina hiyo kuwa zinafanya kazi bila leseni, nawapongeza kwa hilo kwa moyo mweupe. Lakini zile namba za watu zilizokwisha kuchukuliwa ziko wapi sasa? App ikifungiwa seva yake haifutiki yenyewe.

Wenzetu wa nje wamepita kwenye haya na tunaweza kujifunza bila kusubiri yatupate yote. Watu wengi wanaijua PlayStation, hata huku mabanda ya gemu yapo mitaani na watoto wanatoroka chuo kwenda kucheza. Mwanzoni mwa 2011 Sony ilimfungulia kesi kijana wa Marekani anaitwa George Hotz, kosa lake alifungua mashine ya PlayStation 3 akatangaza namna ya kuifungua ili mtu aweke humo programu anazotaka. Kundi la Anonymous, wale wanaharakati wanaotumia udukuzi kufikisha ujumbe, wakaona huo ni uonevu, mwezi Aprili wakaanza kuzipiga tovuti za Sony, yani wanazimwagia maombi mengi kwa mpigo mmoja mpaka zinazidiwa zinazimika. Katikati ya vurugu hizo, kati ya tarehe 17 na 19 Aprili, kuna watu wakaingia ndani kabisa kwenye mtandao wa PlayStation wakaondoka na taarifa za akaunti kama milioni 77, majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, nywila. Anonymous wakasema sio sisi. Tarehe 20 Sony ikazima huduma. Wateja wakaja kuambiwa rasmi kwamba taarifa zao zimechukuliwa tarehe 26.

Angalia hizo siku zilizopita katikati. Hizo ndo siku ambazo mwizi anafanya kazi yake kwa raha, mwenye mali hajui kwamba ameibiwa kwahiyo habadilishi nywila wala hapigi simu benki. Mama yangu wa Nanyamba naye angejua mapema kwamba orodha ya kilo iko mikononi mwa matapeli, yule kijana wa shikamoo angemjibu vingine.

Na haikuishia hapo. Juni mwaka huohuo kundi lingine, LulzSec, likaingia kwenye tovuti ya Sony Pictures kwa mbinu ya kizamani kabisa ambayo mwanafunzi wa kompyuta anafundishwa mapema kuizuia, unaandika amri ya kompyuta kwenye kile kisanduku cha kujaza taarifa na tovuti inaitii. Ndani wakakuta nywila za wateja zimewekwa wazi kama zilivyo, hazijafichwa kwa namna yoyote. Kampuni kubwa kiasi kile, yenye mawakili wa kumfuata kijana mmoja mpaka mahakamani, haikuwa imefunga kufuli la kawaida kwenye tovuti yake. Januari 2013 kamishna wa taarifa wa Uingereza akaipiga Sony faini ya pauni 250,000 kwa ule uvamizi wa mtandao wa PlayStation na akasema ungeweza kuzuilika. Kiasi chenyewe kwa Sony ni kidogo sana lakini angalau kuna ofisi ya umma iliyotamka kwamba na mwenye mlango ana kosa lake.

Equifax ndo iliniuma zaidi nilipoisoma, kwa sababu inafanana sana na sisi. Ni kampuni ya Marekani inayoweka kumbukumbu za madeni ya watu, na watu wengi wenyewe hawakuwahi kwenda kuiomba iwawekee, walijikuta tu wamo. Machi 2017 ikatangazwa kwamba kuna tundu kwenye programu fulani inayotumika kwenye tovuti, na kiraka cha kuziba kikatolewa bure siku hizohizo. Equifax hawakuziba kwenye mfumo wao uliokuwa wazi. Mwezi Mei wezi wakaingia, wakakaa humo mpaka mwisho wa Julai, na wananchi wakatangaziwa tarehe 7 Septemba. Watu kama milioni 147. Baadae Marekani ikawashtaki wanajeshi wanne wa China kwa wizi ule, sawa, lakini na Equifax nayo haikuachwa iende nyumbani, mwaka 2019 ikakubali kulipa fidia na faini zinazoweza kufika dola milioni 700. Serikali ilimtafuta mwizi na ikambana na mtunzaji pia, yote mawili kwa pamoja. Sisi tunafanya la kwanza tu, tena nusunusu.

Sasa nije kwa hawa wanaharakati wenyewe, maana najua kuna watakaosema huyu anatetea wahalifu. Sitetei. Ila nakataa kuwaweka wote kwenye kapu moja na tapeli wa hela ya salfa. Januari 2011 serikali ya Misri ilipozima intaneti nchi nzima kwa siku kama tano watu wakiwa barabarani wanadai haki, kundi moja la Ulaya linaitwa Telecomix lilitafuta zile modemu za zamani za kupiga kwa simu ya waya, wakasambaza namba ili Mmisri mwenye simu ya mezani aweze kupita hapo akatoka mtandaoni. Hawakuvunja kwa mtu wala hawakuiba kitu. Nao huitwa wadukuzi.

Afu kuna Hacking Team, kampuni ya Milan Italia iliyokuwa inaziuzia serikali, yani serikali zinanunua kwake programu za kuingilia simu na kompyuta za raia. Julai 2015 mtu anayejiita Phineas Fisher aliingia kwao akamwaga nje gigabaiti 400 za barua pepe na nyaraka, na humo yakaonekana majina ya wateja, Sudan imo, Ethiopia imo. Waandishi wa habari wa Ethiopia walikuwa wanalalamika kwamba kompyuta zao zinawindwa, na watafiti wa Citizen Lab wa Kanada walishalisema hilo mwaka 2014, ila nyaraka za kampuni yenyewe zilikuja kuonekana siku ile. Kampuni iliyokuwa inajua kufungua milango ya wengine ilishindwa kufunga wa kwake, baadhi ya nywila za watu wake zilikuwa za kubahatisha tu. Alivyofanya Phineas Fisher ni kosa kisheria kila mahali, najua. Lakini bila yeye zile nyaraka zisingeonekana.

Nikirudi upande wa pili, Kenya Julai 2023. Kundi linalojiita Anonymous Sudan liliizamisha eCitizen, ile tovuti yao ya serikali yenye huduma zaidi ya 5,000, likisema linaiadhibu Kenya kwa kuingilia mambo ya Sudan. Watu wakashindwa kuomba pasipoti na viza, tiketi za treni zikasumbua, kununua umeme kukasumbua, M-Pesa ikasumbua. Nani aliadhibiwa pale? Waziri ana dereva na jenereta. Aliyeadhibiwa ni mtu ambaye umeme umekata usiku na mtoto anaumwa. Hapo sipo nao hata kidogo. Hata LulzSec walipomwaga mtandaoni majina na nywila za watu wa kawaida ili kuiaibisha Sony, aibu ya Sony ilipita na wale watu wakabaki na nywila zao mikononi mwa dunia. Mtu akisema anapigania uhuru wangu asianze kwa kunivua nguo.

Lakini haya yote ya wadukuzi wabaya na wazuri yasitusahaulishe tunachofanyiwa huku kwa jina lao. Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye X ilidukuliwa, ikawekwa habari ya uongo kuhusu Rais na picha chafu. Ni jambo baya na la hatari, aliyefanya atafutwe. Kilichofuata ni X kuacha kufunguka nchi nzima. Mi najiuliza swali la mtu wa kawaida, aliyepoteza nywila ni nani na aliyefungiwa ni nani? Baadae tukaambiwa ni sababu ya maudhui ya ngono. Sawa, lakini dukani kwangu nilikuwa na vijana wanaofuatilia nafasi za kazi huko huko X, na dada mmoja anayeuza vikoi kwa wateja wa nje, wote wakakatika. Ukiwaambia watumie VPN, yani programu ya kupitia njia nyingine kufika palipofungwa, mamlaka ya mawasiliano TCRA ilishatoa tangazo Oktoba 2023 kwamba VPN zisajiliwe. Kwahiyo kijana wa Mtwara anayetaka kusoma tangazo la kazi inabidi kwanza ajieleze.

Afu Oktoba 29, 2025 siku ya uchaguzi mtandao ukazimwa nchi nzima mpaka mwanzoni mwa Novemba. Huku kwetu huo ni msimu. Watu walikuwa wanakuja dukani wananiangalia kama vile mimi ndo nimeuzima, mzee mmoja ananiambia mwanangu jaribu tena, jaribu tena, hela ya mwanangu aliyeko Dar iko njiani. Tulishaonja hivo Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika lakini ile ilikuwa bahati mbaya, tulivumilia na kila mtu alielezwa. Hii ilikuwa ni mkono wa mtu. Hakuna taarifa ya mkulima hata mmoja iliyolindwa kwa kuzima mtandao. Orodha zilizovuja zilibaki zimevuja.

Na ngoja niseme hili ambalo linaniuma kuliko mengine. Mwaka 2016 kulikuwa na mtu Tanzania hii aliyelinda taarifa za wateja wake. Maxence Melo wa JamiiForums, polisi walitaka awape taarifa za watu walioandika kwenye jukwaa lake, akakataa. Desemba mwaka huo akakamatwa, akapandishwa mahakamani, kesi zikachukua miaka. Ukubali msimamo wake au uukatae, aliyegoma kutoa majina ya watu alilala mahabusu, na wanaomwaga majina ya watu mpaka kwenye vifungashio vya karanga wanalala kwao. Sielewi hesabu hiyo, na namuomba anayeielewa aje aieleze kwenye ukurasa huuhuu.

Sasa nieleze ninachotaka, na hapa wasomaji wa Mtwara na Lindi watanielewa haraka. Korosho zetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008. Unapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unaangaliwa ubora, unapewa karatasi yako, mzigo unaenda ghala kuu na mwendesha ghala mwenye leseni anapokea na kutia sahihi kilo ngapi na daraja gani. Kuanzia hapo zile korosho ziko mikononi mwake. Zikipungua, zikilowa, zikiibiwa usiku, yeye ndo anaitwa. Hawezi kusema wezi walikuja tu basi, ataulizwa mlinzi alikuwa wapi na kufuli lilikuwa la aina gani. Mfumo una matatizo yake, hapa Kusini tumelia sana na makato na malipo kuchelewa, Liwale mwaka 2013 watu walifika kuchomeana nyumba kwa sababu ya malipo ya korosho, sio kitu cha kujivunia. Lakini msingi wake ni wa haki, anayepokea mali ya mtu anaandika kwamba amepokea na anajibu ikipotea.

Kwa upande wa taarifa tumepeleka mzigo miaka yote bila karatasi. Mei 2019 tukaanza kusajili laini kwa alama za vidole, watu wa vijijini walipanga foleni NIDA tangu alfajiri, Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mkulima anasajiliwa ili apate pembejeo, anatoa namba ya NIDA, shamba liko wapi, mikorosho mingapi. Minada sasa inafanyika kwa mfumo wa TMX, lile soko la bidhaa la taifa, kwenye kompyuta na mimi naifurahia kwa dhati, bei inaonekana kwa kila mtu na kangomba, wale wanunuzi wa magendo, wamepungua nguvu. Sitaki turudi kwenye daftari. Ila kadiri mifumo inavyozidi ndivyo orodha zinavyozidi, na kila orodha ni mali.

Sheria ipo, tusidanganyane kwamba haipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake Rais aliizindua Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya taarifa ajisajili, azitumie kwa lile lengo alilosema na azilinde, na inampa mwenye taarifa haki ya kuuliza mna nini changu na ya kudai fidia akiumizwa. Nimejaribu kuwauliza wateja wangu wakiwa wanasubiri fotokopi, umewahi kusikia hiyo Tume? Wananiangalia tu. Mwalimu mmoja wa sekondari ndo alikuwa anaijua, tena aliisikia redioni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ndo kila mtu anaijua, kwa sababu hiyo imekamata watu. Na kama hata mwalimu ameisikia redioni tu, mama wa Nanyamba atamdai nani fidia?

Kwahiyo naomba Tume ije Kusini kabla mnada wa kwanza wa msimu ujao haujafunguliwa, isiishie ukumbini na wakubwa, iende Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea, Ruangwa, ikae na makarani wa AMCOS, yani vile vyama vya msingi, wanaoshika zile orodha, iwaonyeshe namna ya kuzitunza. Wengi wao ni vijana waaminifu wanaofanya kazi kwenye kompyuta moja inayotumiwa na ofisi nzima, nywila imebandikwa kwenye kioo kwa selotepu, hakuna aliyewahi kuwafundisha vingine. Kampuni za mikopo nazo, kila fomu niliyojaza nipewe kipande changu kinachosema mmechukua nini changu, mtakaa nacho mpaka lini na mtakichana vipi. Na orodha ikivuja, mwenye taarifa atumiwe meseji haraka, leo sio baada ya wiki, kwa Kiswahili cha kueleweka, kwamba mama namba yako na kilo zako zimefika kwa watu wabaya, mtu akikupigia akakutajia hivi na hivi usimuamini. Meseji za promosheni za bando wanatutumia usiku wa manane, ya hivyo haiwezi kuwashinda.

Kwa vijana wenye ujuzi wa kompyuta wanaoona matundu kwenye mifumo ya hapa nchini, najua mpo, nimeshakutana nanyi mkija kuprinti, nawaomba msimwage taarifa za watu hata kama mmekasirika. Lakini naomba na Serikali iwawekee sehemu ya kupeleka habari ya tundu bila kushikwa wao. Saizi kijana akiona mfumo wa kampuni uko wazi ana njia mbili, anyamaze au auze alichokiona. Akienda kusema ataulizwa wewe uliingiaje. Tunawafukuza waliokuwa tayari kutuambia mlango uko wazi, afu tunashangaa anayejua mlango uko wazi ni mwizi peke yake.

Mhariri, mwisho nina ombi kwako wewe mwenyewe. Ukiweza mtume mwandishi wako wa hapa Mtwara apite kwenye ofisi za mikopo za mjini, aulize kitu kimoja tu, fomu za wateja za miaka iliyopita ziko wapi na nani ana ufunguo. Wakimjibu, yachapishe majibu yao. Wasipomjibu, basi apite pale stendi jioni kwa wauza karanga, makaratasi yanapatikana pale.

Wakala wa pesa na mwenye stationery,
Chikongola, Mtwara